Manjano Yako na Vidole Vyangu

Mpendwa mke wangu, Mama Kulwa,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zimelala, usinicheke. Hapa Kisesa ni nani wa rika langu bado anaandika? Ni mimi tu.

Unakumbuka ulivyokuwa unatwanga manjano, unachanganya na samli, unanikanda vifundo huku nikilalamikia madoa kwenye shati langu? "Baba Kulwa, fahali hakutishi, ila manjano," ulinitania. Tangu uondoke sijayaacha. Nakunywa na kujipaka. Uvimbe ulipungua, maumivu yakanyamaza. Nikatamba mnadani kwamba baridi yabisi nimeiangusha bila kidonge.

Binti yetu Kulwa hakuniamini. Akanivuta hadi mjini kwa daktari. Daktari mwenyewe ni binti mdogo, lakini aliniamkia vizuri, nikamweleza dawa yako. Hakuidharau. Alisema kiini cha manjano kimejaribiwa kwa wagonjwa wa viungo, na wengine walipata nafuu ya maumivu na uvimbe. Ila waliojaribiwa ni wachache, na bado haijathibitishwa kwamba kinazuia viungo kuharibika. Nikamwambia ushahidi umeketi mbele yake.

"Babu, wewe ni mtu mmoja," akasema. "Hebu kunja ngumi."

Ngumi haikukunjika.

Mke wangu, niliogopa. Kumbe nilikuwa najisifia ukimya, na ugonjwa uko ndani unakula. Wakati ule mimi nakamua, wewe umeshika kibuyu, ulisema maziwa yangu yanapiga kelele kama mvua kwenye bati. Jana yule ng'ombe mweupe aligeuza shingo akanitazama, kama anauliza ni nani anayempapasa. Kulwa akamalizia kumkamua.

Manjano nimeruhusiwa kwenye mchuzi. Dawa yenyewe ni ya kumeza mara moja kwa wiki, na damu iwe inapimwa, maana inaweza kugusa ini. Kidonge kinanitisha. Vidole vinanitisha zaidi. Kila siku namwambia Kulwa nitaanza kesho, na yeye anayajua maneno yangu kama wewe ulivyoyajua.

Kalamu hii nimeifunga vidoleni kwa kitambaa, nikakaza fundo kwa meno. Sasa kulifungua nimeshindwa. Nimemwita Kulwa anifungue, na aje na maji na kile kidonge.

Pumzika, Mama Kulwa. Usiache kunitania.

Mumeo,
Baba Kulwa