Mzee Anayeisifu Pikipiki

Jumapili, 7 Septemba 2025
Mahubiri marefu. Pasta alifika kwa Nuhu, mimi nikafika watsapu. Vidio ya leo ni kiboko! Mzee mmoja wa Kikagate, pale mpakani, kofia imemla uso, ndevu za beberu. Amesimama na fimbo mbele ya pikipiki nyekundu—anaisifu! Kwa mikono, vile sisi wafugaji wa milimani tunavyosifu ng'ombe. Anapapasa taa kama pembe. Sauti sikufungua, niko kanisani. Nikaituma kwenye magrupu yote tisa, hata la kwaya. Nikaandika: huyu aliuza akili akanunua petroli.

Jumatatu, 8 Septemba
Kambi yetu ya wakimbizi, Nakivale nzima, ni vidio yangu. Base Camp vijana wanasifu mpaka baiskeli mbovu. Nikatembea kifua mbele.
Jioni binti yangu Émérance akaniazima ekuteri zake, nikazitia masikioni nisikie maneno. Nikasikia.
"Gaju ya Muhirwa, uliyekataa mto, ukarudi nyumbani peke yako."
Muhirwa ni baba yetu. Gaju ni ng'ombe wake. Sifa ile aliitunga yeye, tuliijua watu watatu. Baba amekufa. Mimi niko hapa.


Jumanne, 9 Septemba
Sijala. Naandika hapa tu, daftari halina mdomo.
Alhamisi tunaitwa Mbarara, intavyu ya mwisho ya kwenda kuishi nje—mimi, Émérance na watoto wake watatu. Miaka minane tunaingoja. Na kwenye dosie, faili letu la ukimbizi, nilisema, nikarudia kila intavyu: mdogo wangu Rugamba aliuawa, nilimzika kwa mikono yangu. Hata urefu wa kaburi niliwapimia kwa hatua. Wakaandika.
Uongo. Mwaka 2012, risasi zilipoanza kule kwetu milimani, nilimwambia: linda ng'ombe, narudi sasa hivi. Nikakimbia. Sikurudi. Baadaye watu walisema kule hakubaki mtu. Nikaona kaburi lina heshima kuliko visigino vyangu.
Nimejaribu kuifuta vidio. Kwangu imefutika. Pasta ameshaituma Kanada!
Nimemwambia Émérance yote. Aliendelea kuchambua maharage. Nilidhani hakusikia.
"Papa, ukisema ni yeye, batoto banabaki hapa. Ukinyamaza, yeye anabaki kule."
Akatupa jiwe dogo nje. Akachambua tena.

Jumatano, 10 Septemba
Imetoka sehemu ya pili. Kijana anayempiga vidio anamuuliza ng'ombe ni ya nani. Rugamba anavua kofia—hana meno, mtoto wa mama!—anajibu kwa lugha yetu:
"Ni ya mukubwa wangu, Ezira Gasore. Alisema nilinde. Anarudi sasa hivi."
Nyuma watu wanacheka. Kicheko changu kabisa, kile cha Jumapili.
Pasta ameandika kwenye grupu: mzee Ezira, ng'ombe yako imeonekana. Nimemjibu kwa vichwa vitatu vinavyocheka. Kidole kiliteleza, nikabonyeza na kimoja kinacholia.
Leo sikutuma vidio hata moja. Watu wanauliza kama naumwa.

Alhamisi, 11 Septemba
Mbarara. Benchi la ofisi. Naandika ili mkono upate kazi. Watoto wamepakwa mafuta mpaka visigino. Wadogo wanaulizana kama kule nje kuna maharage.
Mkalimani wetu wa Kiswahili anaitwa Mahadi, kijana wa Nyamityobora, mtaa wa hapa mjini, mpole. Amekaa karibu nami, anacheka na simu. Sauti ile naijua.
Ananiambia nicheke kidogo, woga utoke. Ananisogezea kioo cha simu. Kinyankole, lugha ya hapa inayokaribiana na yetu, kinamsaidia nusu nusu, anasema, lakini mwisho hashiki.
"Mzee, wewe si ni mutu ya huko? Hapa mwisho anasema ng'ombe ni ya nani?"
Émérance ananitazama. Haonyeshi kitu. Nimesema masikio ya uzee, sisikii. Mahadi, Mungu ambariki, ameongeza sauti.
Rugamba amevua kofia. Mjukuu wangu mkubwa amegeuka. Huyu anafahamu lugha yetu.
Mlango umefunguka. Mama wa ofisi ameshika dosie yetu, nene kama Biblia. Anasoma jina: Ezira Gasore.
Nimesema niko hapa. Nafikiri nimesema. Bado nimekaa.
Mahadi amesimamisha vidio. Ananiangalia. Sasa anairudisha nyuma kwa kidole, polepole, mpaka pale penye jina.