Nukta Nyekundu ya Nyumbani Kwetu

Kwako Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku tunapumua, ingawa nikisema hali ni njema nitakuwa nakudanganya. Mama anakohoa kidogo asubuhi. Kitindamimba wetu ameng'oka meno mawili ya mbele, na siku hizi anacheka kafumba mdomo kama bibi harusi.

Nimeona niandike kwa kalamu, maana kuta zetu unazijua, na haya siwezi kuyasema kwenye simu Mama akiwa chumba cha pili.

Likizo hii nilipata kazi, mimi Konokono wako ninayekimbilia uvunguni mgeni akibisha hodi. Ofisi ya mipango ilitaka vijana wa shule wapite nyumba kwa nyumba kando ya mto, waweke kila nyumba kwenye ramani ya simu na kuuliza maji ya mafuriko yalifika wapi. Mwalimu aliyetufundisha kazi hiyo tulimbandika jina la Bwana Duara. Alisema ukifika mlangoni usibonyeze upesi. Simu inaonyesha duara la buluu, nalo ni shaka yake kuhusu mahali uliposimama. Usubiri linywee mpaka libaki kama punje, ndipo uhifadhi. Mwenzetu mmoja alifanya haraka, nyumba ikaangukia katikati ya mto, na Bwana Duara akamwuliza kama wenyewe wanafuga mamba.

Huko kusubiri ndiko kulikoniumbua. Umesimama mlangoni pa watu, duara linanywea kwa madaha, mwenye nyumba anakutazama. Mama mmoja alinipa mtoto nimshike. Muuza mkaa aliniuliza kama ninazipiga picha suruali zake zilizoanikwa. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Kabla ya kuanza tuliambiwa tujifunzie majumbani. Nikasimama mlangoni petu, duara likanywea, nikaingia ndani nikasogeza kabati la nguo. Unakumbuka Mama alipaka chokaa ukuta mzima baada ya mafuriko, ila nyuma ya kabati hakufika. Ile alama ya tope ipo bado. Siku hizi inanifika kifuani. Nikaipiga picha, nikahifadhi, nikarudisha kabati.

Zamu ya mtaa wetu ilipofika, nilimwuliza Mama kama nilivyowauliza wengine, jirani yetu fundi viatu akisikia. Akajibu akiwa kwenye cherehani, macho kwenye pindo, kwamba maji hayajawahi kuvuka kizingiti. Fundi viatu akadakia kwamba hata kwake, labda jasho tu. Mtaa mzima ulijibu hivyo hivyo, kwa sababu wote wamesikia kwamba nyumba zitakazotokea nyekundu zitabomolewa, na wenyewe kupelekwa mbali, huko ambako hakuna mteja atakayemfuata Mama na kitambaa chake. Nikaandika alivyosema. Mzazi humsahihishi mbele ya watu.

Juzi ramani ilibandikwa ubaoni pale ofisini. Mtaa wetu wote ni kijani, isipokuwa nukta moja. Ni sisi. Majirani wanakuja kumpa Mama pole kama aliyefiwa. Nilikwenda kwa Bwana Duara nikamwomba aifute, akasema kwa upole kwamba kilichotumwa kimetumwa. Nyumba ile ina rekodi mbili, na ofisi imechukua yenye picha. Akanisifu kwamba duara langu lilikuwa dogo kuliko yote.

Mama anasema aliyetufanyia hivi ana kijicho na Mungu anamwona. Anayasema huku ananipakulia, ananiongezea kwa kuwa nimekonda.

Dada, mficha uchi hazai. Bwana Duara nilimwambia kwamba lile jaribio lilichanganyika na kazi bila mimi kujua. Si kweli. Kabla ya kutuma, simu ilinionyesha picha ile, ukuta na tope, ikaniuliza kama naifuta. Nikakumbuka ulivyonipandisha juu ya kabati hilo hilo, wewe ukabaki chini umeshika mguu wangu, maji yamekufika kifuani, unaniimbia nisilie. Nikatuma. Mpaka sasa sijui kama nilikuwa natuokoa au namvunjia Mama mlango wake.

Na maji yamezidi unga. Mama ameniambia niiandikie ofisi barua ya kukata rufaa kwa lugha yao ya kiofisi, kwani alinisomeshea nini. Alisema, nikageuza: maji hayajawahi kuvuka kizingiti. Nimeiandika vizuri, haina kosa hata moja. Alhamisi watakuja kuukagua ukuta, na Mama ameshakoroga chokaa. Jioni hii ameniita nimsaidie kusogeza kabati. Hajaniuliza ni nani aliyejua kilichopo nyuma yake.

Anakusalimu sana, anasema kitenge chako kiko tayari. Kitindamimba anakutumia busu la pengo. Usipopata nafasi ya kuandika, nitaelewa, ila ukipata niambie ungebonyeza nini. Mama ananiita mara ya pili, acha niende.

Ndimi mdogo wako,
Konokono