Flaiwili ya Chenso ya Baba

Mbagala, Temeke

Kwako baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mama, na baridi ya Mufindi isiwe imeyashika tena magoti yako. Mie huku sijambo, ila joto limenikondesha. Tukikutana stendi utanipita.

Chenso yako ya kupasulia mbao ilifika salama ndani ya gunia, nikaipeleka karakana ya Temeke ninapofanyia kazi. Uliniambia kwenye simu kwamba Elia ameiua kwa kutia petroli bila oili, ndiyo maana umemfukuza kwenye kazi ya mbao na sasa mdogo wangu anashinda kwa mjomba kama mgeni. Nikakujibu nitaifungua nione. Kusema kweli, niliifungua nikitafuta kosa lake.

Nilichungulia pistoni kupitia tundu la eksozi. Safi, haina mkwaruzo hata mmoja, na injini iliyokosa oili haiwi hivyo. Lakini nilipovuta kamba ya kuwashia, ilirudi ikanivuta mkono kwa nguvu. Hapo fundi anajua kwamba moto wa plagi unakuja wakati siyo wake, na lazima atoe flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku.

Nati ilifunguka bila shida. Flaiwili yenyewe ikakataa. Niliitia dizeli nikaiacha ilale, kesho yake bado imeng'ang'ania. Nikashika nyundo kubwa, na bosi wangu, Mzee Shomari, mwenyeji wa hapahapa Dar, akanidaka mkono.

"We Zaka, unapasua kuni? Ukiipiga hiyo shafti unaua nyuzi za nati, halafu mzee wako aje kuniroga mie."

"Imegoma, mzee."

"Haijagoma, una haraka tu. Rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya shafti. Mie naibinua na bisibisi huku, we gonga nati. Taratibu, kama unabisha hodi ukweni."

Niligonga hivyo, kidogo kidogo, huku tukiizungusha. Ikaachia ghafla, karibu inidondokee mguuni.

Chini yake kulikuwa na kipande cha kopo la soda kimezungushiwa shafti, kimegandana na kutu, na kile kichuma kidogo kinachoishikilia flaiwili isihame kimekatika. Mzee Shomari akacheka. "Fundi gani wa uchochoroni kafanya haya?"

Baba, ni mimi. Krismasi ile niliyokuja, uliponipa chenso ukasema inagonga ndani, nilikuta flaiwili inacheza na kichuma kimelika. Kipya sikuwa nacho. Nawe ulikuwa umeshawatangazia majirani kwamba mwanao fundi wa Dar amefika, wamejaa uani wanatazama. Nikakata kopo la soda, nikakaza, ikawaka, ukanichinjia jogoo. Nikasema moyoni nitatuma kichuma nikirudi mjini. Sikutuma. Flaiwili ikahama yenyewe mkononi mwa Elia, lawama ikamwangukia yeye.

Nilitaka kunyamaza. Ningefunga kipya, ningekurudishia, ungenisifu tena, na hakuna ambaye angejua. Nilikaa na wazo hilo siku mbili. Nimeona aibu, baba, na mpaka naandika hapa bado ninayo.

Sasa ina flaiwili nyingine na kichuma chake, inawaka kwa mvuto wa pili. Naituma kwa basi, na barua nimeitia kwenye gunia hilohilo, maana kwenye simu ningejiumauma nikaishia kuulizia mvua.

Nisalimie mama, mpe kamwene yake ya kikwetu. Nisalimie shangazi mwenye kuku wengi, na mchungaji aliyeiombea chenso. Mwambie ilikuwa na dhambi za mtu mwingine.

Elia usimtumie mtu, wala usimwite kwa simu. Najua kwetu mzazi hamfuati mtoto kumwomba radhi. Lakini nakuomba uende mwenyewe kwa mjomba, msomee barua hii mbele ya wote waliosikia akifukuzwa, hata pale nilipojitaja. Hasa pale.

Ni mimi mwanao,
Zakaria