Muswada wa Kliniki na Sauti Niliyoituma

Jumatano jioni

Kumbe bado ni muswada tu! Leo nimeacha cherehani nikausoma kwenye simu hadi ukurasa wa mwisho. Bado wanapokea maoni ya wakazi. Hata ya sisi Warundi? Nadhani ndiyo. Mahali hapo nimepasoma mara tatu.

Akina mama wa kanisa, ugenini hapa Turffontein, walinichagua niwafuatilie miswada ya nyumba, ya mitandao na ya matibabu, kwa kuwa nasoma Kiingereza. Wiki jana nikawatumia sauti kwenye grupu: "Sheria imepita, kliniki hazitupokei tena wageni."

Ajabu, muswada hukaa bungeni miaka, lakini sauti yangu ilifika Randburg, upande wa pili wa jiji, kabla chai haijapoa.

Leo mchana nikamuuliza jirani yangu Espérance, msusi, mimba ya miezi saba, kliniki wanasemaje.

"Siendi tena, dada. Si ulisema mwenyewe?"

Eish.

Nimetuma sauti nyingine ya kujisahihisha. Wangapi wataisikiliza? Espérance nimemwambia kesho alfajiri tunapanga foleni ya kliniki pamoja.

"Na wakinifukuza?"

Fomu ya maoni nimeshaifungua. Nimejaza jina langu tu. Mengine nitayajaza tukirudi.