Kila Tarehe Nyekundu

9 Februari

Kwako mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kabla hujaketi, na ukishaketi pokea nyingine. Sisi huku wazima. Bibi yako mzima, goti linamsumbua lakini ulimi haujambo. Mdogo wako mzima, yuko hapa ananicheka mwandiko. Jirani fundi viatu na mkewe wanakusalimu sana. Baba yako mzima. Hakusema nikusalimie, ila aliniuliza kama kalamu ina wino, na mimi hiyo nimeihesabu ni salamu.

Wasiwasi wangu uko kwako. Unakula? Huko kufulia shuka za hospitali, mvuke haukuunguzi?

Sasa mwanangu nina neno moyoni. Ile kalenda tuliyopewa duka la dawa nimeitundika jikoni. Siku za kazi nyeusi, za mapumziko nyekundu, hilo hata mimi niliyeishia darasa la pili nalijua. Basi tangu mwaka jana kila nikiona nyekundu napika cha kukutosha, nachana nywele, nakwenda stendi. Wapiga debe wameshanizoea, wananiita Mama Stendi. Ijumaa iliyopita ilikuwa nyekundu tena. Nikakaa mpaka basi la mwisho, hukushuka.

Ndiyo umetukataa? Au ni yale maneno ya baba yako siku unaondoka, kwamba uende tu, sikukuu haimngoji mtu? Yasamehe. Mwanamume akishindwa kulia hutoa methali.

Mimi mama yako.

20 Februari

Mama, shikamoo. Shikamoo kwa baba na kwa bibi pia. Mimi mzima, nakula, usiwe na wasiwasi.

Mama yangu, Ijumaa ile haikuwa sikukuu yetu. Ilikuwa ya wenzetu. Nchi hii ina watu wa kila namna, na serikali imempa kila mmoja siku yake nyekundu. Ofisi zote zinafungwa, lakini wagonjwa hawaendi likizo, wanachafua shuka kila siku. Kwa hiyo hapa tunashikiana zamu. Wenye sikukuu wanakwenda kwao, wasio nayo wanabaki na mashine. Ijumaa nilimshikia Mpiga Pasi wetu. Aliporudi akaniambia, "Dada, sikukuu yangu umeisherehekea wewe. Mimi nilishiba nikalala." Yeye atanishikia ya kwetu, mwezi wa sita. Ameapa.

Mwaka jana nilikuwa mgeni, na mgeni hana wa kumshikia zamu. Siyo maneno ya baba. Au ni kidogo tu.

Tafadhali usiende stendi kila tarehe nyekundu. Nenda ile yetu.

Mwanao.

3 Machi

Mwanangu,

Sote wazima, hata goti la bibi yako limepoa. Barua yako nimeisoma nikaona haya mimi na sufuria zangu. Nikabandua kalenda nikaenda nayo kwa fundi viatu anionyeshe ipi ya nani. Akaweka nyundo chini, akaanza na kidole: hii yetu sisi, hii yenu, hii ya wale wa ng'ambo ya mto, hii ya wafanyakazi, hii ya bendera. Halafu akacheka mpaka misumari ikamdondoka mdomoni. Anasema mwaka jana siku yao nilipika tangu alfajiri, mkewe akanusa akasema, "Jirani amehamia kwetu." Kumbe ndiyo sababu mama yule alinijia na mkono wa heri. Mimi nikadhani ananisifu nywele.

Baba yako amenunua jogoo. Anamlisha mwenyewe. Nilipouliza ni wa nani akasema ni wa sikukuu, si wa mtu.

Njoo, mwanangu. Mwaka huu njoo.

Mama yako.

30 Mei

Shikamoo mama. Ni maneno mawili tu, kondakta atakayekuletea barua hii ananingoja. Nimepata ruhusa. Mpiga Pasi ameandika jina lake ubaoni penye zamu yangu. Nitapanda basi la alfajiri siku yenyewe, saa sita niko stendi. Mwambie baba. Au usimwambie, aone mwenyewe.

Mwanao.

14 Juni

Mama, shikamoo.

Naandika nimesimama, begi langu liko chini ya meza ya kukunjia. Jana jioni mvuke ulimuunguza Mpiga Pasi mkono mzima, amelazwa hapahapa kwenye shuka alizonyoosha mwenyewe. Wenzetu wa sikukuu yetu walikuwa wameshaondoka. Tumebaki mimi na mzee anayechochea boila la mvuke. Wodi ya wazazi wametuma mtu mara kadhaa, watoto wanazaliwa na hakuna cha kuwafunikia. Nikavua viatu vya safari.

Najua sasa hivi uko stendi, na barua hii utaipata sikukuu ikiwa imeshapita. Mwambie baba alisema kweli, haimngoji mtu.

Mwanao.

19 Juni

Kwako mwanangu mpenzi,

Bibi yako mzima. Mdogo wako mzima. Fundi viatu na mkewe wazima. Baba yako mzima. Jogoo naye mzima, na hapo ndipo ninapotaka kukueleza.

Nilikwenda stendi. Baba yako alisema ana kitasa cha kutengeneza, haendi popote. Nikageuka hivi, nikamwona upande wa pili, amevaa zile nguo zake za sikukuu, anasoma bei za nauli. Nauli za kwenda mji asioujua. Basi la mwisho liliposhusha watu wake tukarudi wawili. Bibi yako alikuwa ameshanoa kisu. Baba yako akakichukua akakiweka juu ya kabati. Bibi akamwambia, "Jua linazama, sikukuu inaisha."

Akasema, "Itangoja."

Akavua nguo zake, akazikunja, akazitundika. Asubuhi fundi viatu akaja kutupa heri. Baba yako akamjibu, "Kwetu bado." Fundi akatazama kalenda, akatazama jogoo, akasema basi wakaribishwe na wao, siku yoyote itakayokuwa.

Barua yako nimemsomea. Pale ulipoandika kwamba alisema kweli akaniambia nirudie. Kisha akasema nikuandikie kwamba hata mtu mzima hukosea methali.

Mpe pole Mpiga Pasi, na mkono ukipona uje naye, yeye ana haki na jogoo huyu kama sisi.

Chagua siku, mwanangu, hata ikiwa Jumanne. Usikawie, maana jogoo ameanza kulala chini ya kiti cha baba yako, tukizidi kungoja hakuna atakayemchinja. Mdogo wako ametoa rangi yake ya kucha, nyekundu, imeshafunguliwa, na baba yako ndiye aliyeshika kalenda. Tuletee tarehe upesi, rangi inakauka.

Mama yako.