Neno la ku mulango

Astrid,

Bugari na majani ya sombe biko mu sufuria. Mudogo wako Élie asikaribie makala. Mimi nimeenda ku shamba, nitarudi mangaribi. Mufunge mulango, na ukimaliza kusoma hii karatasi, uipasue.

Asubuhi sikukukasirikia. Mbele ya kwenda kuchimba zahabu kule Omate, Papa yenu aliwafundisha: muntu akipiga hodi, mumuombe neno la siri, hata kama sauti iko ya Mama. Ulifanya muzuri. Ila nilikuwa na bidon ya maji ku mugongo, mvua inaninyeshea, na wewe unarudilia tu "Neno! Neno!" kama askari ku bariere.

Neno nilikuwa nalijua. Ni lile jina Papa alinipatia siku nilimupikia mara ya kwanza: Sombe-ya-Kuungua. Yeye peke yake njo ananiitaka vile. Tangu aende hakuna mwenye kuniita. Leo nilijiita mwenyewe, inje, mu mvua.

~~Kuanzia leo neno iko "Muhogo".~~

Hapana, nimekata. Tukibadilisha, siku Papa atapiga hodi atasema lile la zamani, na wewe hautamufungulia.

Mama yenu