Ukurasa wa Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Kijitabu cha miaka hamsini ya ndoa ya baba na mama kinakwenda kwa mpiga chapa Jumamosi. Nani kabebeshwa? Mimi, eti kwa sababu nafanya kazi ofisini na nina kompyuta. Historia nimemaliza. Picha zimekaa. Kila mtoto ana ukurasa wake. Sasa kurasa tupu! Mmoja mwisho kabisa, baada ya jedwali la wajukuu. Mwingine wa tisa, kati ya picha ya harusi na ukurasa wangu. Wa tisa nimeubonyezea kufuta mpaka kidole kikauma, ukaondoka. Wa mwisho – hata hautikisiki. Katika kuuhangaikia nimefuta wajukuu wawili. Nimewarudisha kwa jasho.

Mama kapita na ufagio, akasema enzi zake za taipu, karatasi ukiitoa imetoka. Ahsante, mama.

Jumanne, 4 Machi

Wa tisa umerudi. Jini gani hili?

Nimemwita mume wa mdogo wangu. Tunamwita Profesa, maana hakuna asichokijua. "Jambo dogo hilo, shemeji!" Akabonyeza huku, akabonyeza kule, akamaliza chai yangu, kurasa tupu zikawa nne. Akasema kompyuta yangu imezeeka. Kazeeka yeye!

Lakini haki yake nimpe. Alijua kwamba nyuma ya jedwali hubaki mstari usiofutika, na dawa yake ni kuyapunguza maandishi ya mstari huo yawe kama punje ya mchanga. Nimepunguza hadi saizi ya moja. Ukurasa wa mwisho huo, ukaenda zake! Nimepiga kigelegele peke yangu. Alizoongeza yeye nimezifuta, na wa tisa nao nimeufuta.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoka kazini, nimefungua faili. Wa tisa upo. Nimeufuta tena. Nimekoma.

Alhamisi, 6 Machi

Upo tena! Nimemeza kiburi nikampigia Profesa. Akasema niwashe alama zilizofichwa – kuna kitufe chenye P iliyogeuka. Nimewasha. Ukurasa wa tisa, mweupe pe siku zote, umejaa vialama, kimoja chini ya kingine, kutoka juu mpaka chini. Kila kialama ni enta moja.

Kompyuta haijibonyezi enta yenyewe. Kuna kidole hapa.

Nani anashinda nyumbani na kompyuta yangu mezani? Baba hajui hata inakowashwa. Mama ndiye aliyepiga taipu ofisini mpaka akastaafu, na mtu wa taipu akitaka nafasi husukuma mstari baada ya mstari. Kikulacho ki nguoni mwako!

Nimemfuata jikoni. Mama, ni wewe? Hakukana. Alisugua sufuria, akasema watoto wamepangwa kwa kuzaliwa, na wa kwanza si mimi.

Kaka.

Kaka mkubwa alikataa kazi ya stoo aliyotafutiwa na baba. Wakatupiana maneno mbele ya wageni, akaondoka na begi moja. Tangu hapo baba husema watoto wake ni watatu. Hata kijitabu hiki, agizo lake lilikuwa hilohilo: watatu. Nikamwambia mama, baba akiuona huo ukurasa patachimbika.

"Kwani nimeandika jina? Nimeacha nafasi tu," akasema. "Mtoto akikunyea mkono, huukati."

Nina hasira. Na mama, kwa kunizungusha wiki nzima. Na baba, kwa ubishi wake. Na kaka zaidi, ambaye hata hajui kuna ukurasa unaogombewa kwa ajili yake. Nimemkumbuka pia. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeufuta. Nimeurudisha. Nimeufuta.

Mchana mpiga chapa kapiga simu. Kijitabu cha kubana na stepla, kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne. Nilizomtajia ni kumi na tisa. Ukurasa mmoja mtupu ni lazima, tuuweke wapi? Nilicheka mpaka akauliza kama niko salama. Wiki nzima nafukuza ukurasa, kumbe unahitajika!

Nimeurudisha wa tisa, nimeprinti nakala ya kukaguliwa. Baba alikuwa mtunza stoo, hakuna kinachotoka nyumba hii bila yeye kukikagua. Akiuliza, nitasema ni mambo ya stepla.

Jumamosi, 8 Machi

Baba amekagua baada ya chai. Huanzia kwenye yaliyomo, siku zote. Kidole kikashuka: nane, kumi. Kikarudi juu. Akauliza wa tisa uko wapi.

Nikaanza hotuba yangu ya stepla. Hakunisikiliza. Alifungua, akautazama. Akarudi kwenye picha ya harusi, akaenda mbele kwenye jina langu, akarudi katikati. Nilimwona akielewa. Nikaanza kutafuta maneno ya kumkinga mama.

Hakufoka. Alisema stoo hairuki namba. Hata rafu ikiwa tupu, kitu chake huandikwa, ajaye ajue ni mahali pa nini. Uweke kwenye yaliyomo, akasema.

Niandike nini, baba?

Amevua miwani, anaifuta kwa shati. Mama amefunga bomba jikoni. Simu ya mpiga chapa inaita, sipokei. Kishale cha kompyuta kinapepesa kati ya nane na kumi. Nimevuta shajara hii ili mikono ipate kazi.

Anaifuta bado. Miwani gani hiyo isiyotakata?

Amevaa. Amesogeza kiti karibu na changu. Anasema nianze na herufi kubwa, maana ni jina.